Muamba Hakupata Bahati, Alipewa Haki: Watoto wa Wahami wa Goma Nao Wapewe

Goma, Kivu Kaskazini – Wako watu ambao kila wakiona mtoto wa familia iliyohama vita anachezea mpira vizuri, wanamwambia maneno yale yale: Fabrice Muamba naye alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, na alifika Ligi Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo mtoto acheze tu, asali, angoje siku yake. Wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini wanasimulia nusu ya habari, na ile nusu wanayoiacha ndiyo inayowahusu zaidi wazazi waliotoka Masisi, Rutshuru na Nyiragongo na ambao leo wanalala kwa ndugu au kwa wafadhili katika mitaa ya Goma.

Habari kamili ni kwamba Muamba hakuokotwa na bahati njiani. Katika kila hatua ya maisha yake kulikuwa na mtu, shule au ofisi iliyofanya kazi yake. Baba alipewa karatasi, mtoto akapewa shule, mchezaji akapewa walimu, na siku alipoanguka akapewa madaktari wenye vifaa mikononi. Kuyaita hayo yote bahati ni kuwasamehe wale wanaopaswa kuyafanya hapa na hawayafanyi.

Kati ya ndege na Arsenal kulikuwa na shule

Muamba alizaliwa Kinshasa tarehe 6 Aprili 1988, nchi ikiitwa bado Zaire. Mwaka 1994 baba yake, Marcel Muamba, alikimbilia Uingereza kwa sababu za siasa, akaiacha familia nyuma. Wazee wa Goma wanaukumbuka mwaka ule kwa jambo lingine: mwezi Julai wakimbizi wapatao milioni moja kutoka Rwanda waliingia hapa katika siku chache, na kipindupindu kikaua watu kwa maelfu. Mtoto Fabrice alimngoja baba yake miaka 5. Mwaka 1999, baba alipokwisha kupata ruhusa ya kuishi Uingereza, familia ilimfuata London. Fabrice alikuwa na miaka 11, na Kiingereza hakukijua.

Hapo wasimulizi wengi wanaruka. Wanamshusha mtoto kwenye ndege na kumvika jezi ya Arsenal siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba kwanza aliingia darasani, katika shule ya Kelmscott huko Walthamstow, upande wa kaskazini-mashariki wa London. Uingereza mtoto wa umri ule ni lazima awe shuleni, na shule ya serikali hailipishi minerval, hata kama mzazi ni mkimbizi. Muamba alijifunza lugha akiwa na kalamu mkononi, akafaulu mitihani kumi ya sekondari, kisha akaendelea na ile ya juu zaidi katika Kiingereza, Kifaransa na hesabu. Yote hayo aliyafanya huku tayari akifunzwa kabumbu na Arsenal.

Kituo cha vijana cha Arsenal kilimpokea mwaka 2002. Ni mwaka ule ambao tarehe 17 Januari moto wa Nyiragongo ulishuka ukafunika katikati ya Goma. Alicheza mechi yake ya kwanza na wakubwa wa Arsenal Oktoba 2005, katika Kombe la Ligi dhidi ya Sunderland. Msimu wa 2006–07 aliazimwa Birmingham City, akasaidia timu hiyo kupanda Ligi Kuu, nayo ikamnunua kabisa mwaka 2007 kwa pauni zipatazo milioni 4. Mwaka 2008 alihamia Bolton Wanderers kwa pauni zipatazo milioni 5. Kati ya timu hizo alivaa jezi ya vijana wa Uingereza chini ya miaka 21 mara 33. Hakuwa kiungo wa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kukimbia, kunyang'anya mpira na kumpa mwenzake. Mchezaji wa namna hiyo hapatikani kwa miujiza. Anatengenezwa polepole, kwa mazoezi ya kila siku, chakula cha kila siku na mwalimu anayefika kwa saa yake.

Sasa watu waangalie Goma. Kambi kubwa kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilivunjwa Februari 2025, baada ya M23 kuchukua mji mwishoni mwa Januari. Familia ziliambiwa zirudi vijijini. Zilizokuta nyumba zimeanguka au mashamba hayafikiki zilijikuta tena njiani, au zikasongamana kwa jamaa mjini. Mtoto wa familia kama hiyo akifika shuleni anaulizwa bulletin ya mwaka uliopita. Bulletin imebaki katika nyumba iliyoungua. Anaulizwa feza. Baba anasukuma chukudu ya mtu mwingine na mama anauza makala ya kuhesabia vipande, feza itatoka wapi? Kisha mtoto huyo aliyerudishwa kutoka mlangoni mwa shule anaambiwa acheze mpira kama Muamba. Hapo si kumtia moyo tena. Ni kumcheka.

Wanaouza ndoto kwa dola

Pale penye mtoto mwenye kipaji na mzazi asiye na kitu, hufika pia mtu wa tatu. Anavaa vizuri, simu yake imejaa picha za viwanja vya Bulaya, na anasema anaijua timu fulani inayotafuta vijana. Anachohitaji ni dola mia chache za pasipoti, za "majaribio", za tiketi. Udanganyifu wa aina hii umewaumiza wazazi katika nchi nyingi za Afrika, na vijana wengine wametupwa katika miji ya kigeni bila timu wala njia ya kurudi.

Mzazi mwenye kusikia habari hii na ashike jambo moja tu, kwa sababu linaweza kumlindia shamba lake au mbuzi wake wa mwisho. Sheria ya FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda timu ya nchi nyingine. Kuna ruhusa chache za pekee. Moja ni pale wazazi wenyewe wamehamia nchi ile kwa sababu isiyohusu mpira. Nyingine ni ya mtoto mkimbizi ambaye tayari amekimbilia huko kwa ajili ya usalama wa maisha yake. Nyingine zinahusu vijana wa kati ya miaka 16 na 18 walio ndani ya Ulaya, na familia zinazoishi karibu kabisa na mpaka. Kumchukua mtoto wa miaka 14 kutoka Ndosho na kumpeleka timu ya Ulaya kwa sababu ana kipaji hakumo katika ruhusa hizo.

Na Muamba? Alipopokelewa na Arsenal mwaka 2002 alikuwa tayari anakaa London na wazazi wake tangu miaka 3. Hakuna wakala aliyemtoa Kinshasa. Hakuna mtu aliyelipwa dola ili apelekwe kwenye majaribio. Kilichompeleka Uingereza ni vita ya siasa iliyomfukuza baba yake, na kilichomfungulia mlango ni karatasi ya mkimbizi. Basi anayetumia jina la Muamba kuomba feza kwa mzazi mhami anatumia jina la mtu ambaye maisha yake yenyewe yanamkanusha.

Wasimamizi wa timu za Goma wanayajua hayo, au wanapaswa kuyajua. Wanapoona mtu wa namna hiyo amekaa pembeni ya mazoezi yao akiandika majina ya watoto, kunyamaza ni kumsaidia. Kiongozi wa timu anayependa watoto wake angemwuliza mbele ya wazazi wote: timu gani, kwa sheria gani, na kwa nini mzazi ndiye anayelipa wakati timu za kweli ndizo zinazolipa?

Siku moyo uliposimama

Tarehe 17 Machi 2012 Bolton walikuwa wakicheza na Tottenham huko White Hart Lane, robo fainali ya Kombe la FA. Matokeo yalikuwa 1–1, mapumziko yakikaribia. Muamba, mwenye miaka 23, alianguka kifudifudi. Hakuna aliyemgonga. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Madaktari wa timu waliingia mbio. Katika umati alikuwemo daktari bingwa wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kama shabiki tu. Alishuka kutoka jukwaani, akawaomba walinzi wamruhusu, akajiunga nao. Walimkandamiza kifua bila kupumzika. Walitumia mashine ya kushtua moyo pale pale kwenye nyasi, wakaendelea wakimtoa, wakaendelea ndani ya gari la wagonjwa. Kwa jumla moyo ule ulishtuliwa mara 15. Hawakumpeleka hospitali yoyote tu, bali London Chest Hospital, iliyokuwa na wataalam wa moyo. Moyo ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Kisha ukarudi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 16 Aprili, alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake.

Watu walisali dunia nzima siku zile, na yeye mwenyewe ni mtu wa imani. Hakuna haja ya kubishana na sala ya mtu. Lakini kanisa au msikiti unaofundisha kisa hiki uwafundishe watu chote. Kwa dakika 78 kulikuwa na mikono juu ya kifua cha kijana yule. Mungu akiombwa amponye mtu uwanjani, mara nyingi hujibu kupitia mtu aliyejifunza la kufanya. Palipo na watu elfu moja wasiojua kitu, sala ya wote haiwaondolei wajibu wa kujifunza.

Viungo wengine wawili waliowahi kucheza Uingereza wanaonyesha tofauti hiyo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni, ambaye msimu ule alikuwa Manchester City, alianguka Lyon tarehe 26 Juni 2003 katika nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Walimhangaikia, hakuamka. Baada ya kifo chake dunia ya kabumbu ililazimika kuangalia upya namna viwanja vinavyojiandaa kwa moyo unaosimama. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Wenzake waliita msaada mara moja, kifua kikakandamizwa, mashine ikatumiwa uwanjani, akafumbua macho. Februari 2022 alikuwa anacheza tena, Brentford, akiwa na kifaa kidogo cha moyo ndani ya mwili. Kati ya kifo cha mmoja na uzima wa wengine wawili, viwanja vilikuwa vimejifunza.

Je, viwanja vya Goma vimejifunza nini? Kwenye mechi za mitaa, mchezaji akianguka watu wanamzunguka mpaka hewa inakosa pa kupita. Mmoja anamwagia maji, mwingine anampepea kwa jezi, wa tatu anatafuta kijiko cha kumfungulia meno. Pikipiki inatafutwa. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa inapunguza matumaini, na baada ya dakika kama kumi matumaini yanakuwa karibu kwisha.

Mashine ya kushtua moyo ni ghali, na hakuna mtu mwenye akili atakayeidai kwa kila kiwanja cha mawe. Lakini mikono haina bei. Mchezaji akianguka peke yake, akiitwa haitiki, na hapumui au anakoroma tu kwa kukatika-katika, alazwe chali. Mmoja akimbie kuita msaada na kutafuta gari. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, anyooshe mikono, akandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hivi na kuachiliwa kirudi juu kabisa. Akichoka, mwenzake apokee bila kuacha nafasi. Asiache mpaka mganga afike au mtu aanze kupumua. Mafunzo hayo yanaweza kutolewa kwa asubuhi moja na muuguzi yeyote aliyefunzwa au na watu wa Msalaba Mwekundu. Timu inayopata feza ya kununua jezi mpya lakini haipati asubuhi moja ya kujifunza hayo imechagua, na ichukuliwe kuwa imechagua.

"Alivaa jezi ya Uingereza"

Kuna wengine wanaomkataa Muamba kabisa. Wanasema si wetu, alichezea Uingereza, taifa lake alilisahau. Wanamlinganisha na Lomana LuaLua, aliyezaliwa Kinshasa, akakulia Uingereza, akaichezea Kongo. Au na Yannick Bolasie, aliyezaliwa Lyon na kukulia London, ambaye tangu 2013 alivaa jezi ya Leopards.

Heshima kwa LuaLua na Bolasie. Lakini hukumu juu ya Muamba haina haki. Mtoto wa miaka 11 hakuichagua njia. Nchi iliyomzaa ilimfukuza baba yake. Nchi iliyompokea ilimpa darasa, uwanja, mwalimu na, mwishowe, uhai wake. Akiivalia jezi amemwibia nani? Anayetaka kumdai mtoto aonyeshe kwanza alichomlipia. Na deni hilo halijaisha, kwa maana wakati watu wanabishana kuhusu kijana aliyeondoka mwaka 1999, wapo watoto wa rika lile lile hapa Katindo, Himbi na Kyeshero ambao hakuna anayewapigania. Kesho wakivuka mpaka na kuvaa jezi ya nchi nyingine, watu hao hao watapiga kelele kwamba wamesaliti.

Kilichobaki baada ya mpira

Agosti 2012 madaktari walimshauri aache kabumbu, naye akaacha. Alikuwa na miaka 24. Kwa wachezaji wengi huo ungekuwa mwisho wa kila kitu. Yeye alirudi darasani, na mwaka 2015 akahitimu shahada ya uandishi wa habari za michezo katika Chuo Kikuu cha Staffordshire. Mguu ulipokataliwa, kichwa kilikuwa tayari kimelishwa. Hicho ndicho kipande cha maisha yake ambacho mzazi mhami angepaswa kukisikia kabla ya kile cha pauni milioni 5. Hata mwenye kufika juu kabisa anaweza kuporomoka katika dakika moja, na wasiofika juu ni wengi mno kuliko wanaofika.

Kwa hiyo wanaolipenda jina la Muamba waliheshimu kwa kufanya yaliyomfanya awe Muamba. Wakuu wa shule wawapokee watoto wa wahami bila bulletin, wawapime kwa mtihani mdogo na kuwaweka darasa linalowafaa. Makanisa na mashirika yanayochanga kwa ajili ya mashindano ya vijana yachange kwanza kwa ajili ya minerval, kisha mipira. Wenye mamlaka juu ya mji, wawe nani, wasigeuze kila kipande kilicho wazi kuwa kiwanja cha kujenga au cha kupanga magari, maana mtoto asiye na pa kuchezea mpira atapata pa kuchezea bunduki. Viongozi wa timu, kuanzia zile za mitaani mpaka wakubwa kama DC Virunga, wafunge mlango kwa yeyote anayemwomba mzazi dola.

Na timu yoyote itakayoandikishwa kwa mashindano yajayo, ndogo au kubwa, iandike majina mawili zaidi chini ya orodha ya wachezaji: majina ya watu wawili watakaokuwa uwanjani kila mechi na wanaojua kukandamiza kifua. Waandaaji wakatae orodha isiyo na majina hayo, kama wanavyoikataa timu isiyo na jezi. Sharti hilo halihitaji msaada kutoka Bulaya, wala kungoja vita iishe.